Kwa Nini Naandika Kazi Yangu Hadharani

Kuna swali ambalo nimeulizwa mara nyingi, hasa na wenzangu tuliosoma nao sayansi ya kompyuta: "Wewe unajitegemea, huna mshahara. Mbona unaandika bure mambo ambayo wateja wangekulipa?" Leo nalijibu, ili nikiulizwa tena niwaelekeze hapa.

Kwa wasionijua: kazi yangu ni kushauri na kutengeneza programu kwa vikundi vya akiba, maduka na wakulima wa Kitui na Makueni. Leo niko Mwingi, kesho Wote, keshokutwa Kibwezi. Sina bosi, na sina mwenzangu wa kumwuliza, "Hivi tatizo hili tulilitatuaje mwaka jana?"

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza: kumbukumbu. Chukua mfano wa majina. Sisi huku watoto huitwa majina ya babu na nyanya zao, kwa hiyo daftari la kikundi kimoja laweza kuwa na akina Mwikali Mutua watatu. Programu ikimtambua mwanachama kwa jina, mchango wa huyu utaingia kwa yule, na ugomvi utaanza siku ya kugawana. Dawa ni kila mtu kuwa na namba yake ya uanachama.

Au chukua simu. Jedwali la kompyuta hula sifuri ya mwanzo, 0712 ikawa 712. Tena, tangu 2019 tuna namba zinazoanza na 01, lakini programu za zamani zilizojengwa kukubali 07 peke yake huzikataa. Mama wa watu anaambiwa namba yake si sahihi, na ujumbe wa salio lake haufiki. Nikishaliandika tatizo kama hili pamoja na dawa yake, sihangaiki tena kulitatua upya.

Sababu ya pili ni kuaminika. Pesa za Ukambani hufuata mvua. Mvua zetu za kutegemewa ni zile za vuli, za Oktoba hadi Desemba, na ndengu zikivunwa ndipo watu hulipa madeni na kufikiria mambo mapya. Mwenyekiti wa kikundi hawezi kukabidhi akiba ya wanachama kwa kijana aliyeshuka kwenye matatu na laptopu. Lakini akisoma jinsi nilivyoeleza tatizo linalofanana na lake, kwa lugha anayoielewa, tukikutana mazungumzo huwa yameshaanza. Miezi ambayo kazi ni chache ndiyo naandika zaidi.

Historia yetu ina mfano mkubwa kuliko wangu. Ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, mwanasheria Ory Okolloh aliendelea kuandika kwenye Kenyan Pundit, ukurasa wake binafsi. Januari 2008 akatoa wazo la ramani ya kuonyesha vurugu zilikotokea. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, ambao nao walikuwa wakijulikana mtandaoni, wakalichukua, na baada ya siku chache Ushahidi ikawa hewani. Nilikuwa shule ya msingi wakati huo. Ninachojifunza leo ni kwamba watu hao hawakusubiri tangazo la kazi. Maandishi yalikuwa yameshawatambulisha.

Sasa, je, siibiwi kazi? Kusema kweli, wapo wanaosoma na kujifanyia wenyewe, na ni sawa. Mwenye duka anayeweza kurekebisha sifuri zake hakuwa atanilipa kwa hilo. Anayenilipa ni yule aliyesoma, akajaribu, akaona kazi ni kubwa. Huyo hafiki akiuliza "bei gani?" Hufika akiuliza "tuanze lini?"

Mnajua mabwawa yetu ya mchanga. Unajenga ukuta kuvuka mto wa msimu, kila mafuriko yanaacha mchanga, na maji hujificha humo jua lisiyafikie. Kiangazi unachimba, unakunywa. Bila ukuta, mafuriko yote huteremka na kupotea. Kazi za mtu anayejitegemea ni kama mafuriko hayo: huja kwa kishindo na kupita.

Mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, siandiki majina ya wateja, kiasi cha fedha wala namba za vitambulisho. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ipo, lakini hata isingekuwapo, aliyekufungulia daftari lake hakukupa ruhusa ya kulisoma sokoni. Mifano yangu yote huwa na data ya kubuni. Pili, andika mahali pako mwenyewe, na uweke nakala. GeoCities ilibeba kurasa za mamilioni ya watu, na ilipofungwa mwaka 2009 wengi walipoteza walichojenga. Mimi nina jina langu la kikoa, na kila makala ni faili la maandishi matupu kwenye kompyuta yangu na kwenye flashi.

Kwa hiyo wewe fundi wa simu, mhasibu, mshauri wa kilimo, unayejitegemea kama mimi: chagua tatizo moja ulilolitatua wiki hii. Liandike kwa Kiswahili chepesi, aya tatu zatosha. Yupo mtu Mutomo au Makindu anayehangaika nalo usiku huu.