IDAR-OBERSTEIN: MJI ULIOISHIWA MAWE, USIISHIWE USTADI

Gari la moshi litokalo Frankfurt kwenda Saarbrücken, kusini-magharibi ya Ujerumani, huvuka mto Rhine penye mji wa Mainz, kisha huingia katika bonde la mto Nahe. Bonde hilo ni jembamba na lenye mapindi mengi. Misitu imefunika milima pande zote mbili, na reli hupenya ndani ya mwamba mara kwa mara. Baada ya mwendo wa saa mbili hivi, gari husimama Idar-Oberstein, mji wenye watu wasiofika 30,000.

Kitu cha kwanza kimvutiacho mgeni ni kanisa jeupe lililojengwa ndani ya pango la jabali, juu kabisa ya mapaa ya nyumba. Lilijengwa kati ya mwaka 1482 na 1484. Wenyeji husimulia kwamba hapo kale ndugu wawili wa ngome ya Oberstein walimpenda msichana mmoja, mmoja akamwua mwenziwe, kisha akalijenga kanisa hilo kwa mikono yake ili kutubu. Mto Nahe wenyewe, upitao chini ya jabali hilo, hauonekani. Katika miaka ya 1980 ulifunikwa kwa zege, na barabara kuu ikapitishwa juu yake.

Mji huu unafahamika sana kwa askari. Chuo cha mizinga cha jeshi la Ujerumani kiko hapa, na baada ya Vita Kuu ya Pili majeshi ya Marekani nayo yalikaa hapa miaka mingi. Mwigizaji Bruce Willis alizaliwa mjini humu mwaka 1955, baba yake akiwa askari wa Marekani. Hata hivyo, sifa ya Idar-Oberstein duniani haikutokana na mizinga wala filamu. Ilitokana na mawe.

MAWE YALIPOKWISHA

Katika milima inayouzunguka mji mlikuwamo akiki, jiwe gumu lenye mistari ya rangi kama pete za mti uliokatwa. Tangu karne za kati watu waliichimba kwa nyundo na patasi. Mlima wa Steinkaulenberg bado una mapango ya wachimbaji hao, na leo wageni huingia kuyatazama.

Akiba hiyo haikudumu. Ilipofika mwanzoni mwa karne ya 19, mawe mazuri yalikuwa yameadimika na njaa ilikuwa imeingia majumbani. Familia nyingi zilifunga mizigo zikahamia Brazili. Huko, katika jimbo la Rio Grande do Sul, mwaka 1827, wahamiaji kutoka bonde hili waliikuta akiki imetapakaa. Jicho lililozoea kazi likaitambua mara moja. Mwaka 1834 shehena ya kwanza ilisafirishwa kwa meli kurudi Idar, na viwanda vilivyokuwa vikifa vikafufuka.

Hapo ndipo penye funzo kubwa la mji huu. Brazili ilikuwa na mawe. Idar ilikuwa na mikono iliyojua la kufanya. Tangu wakati huo mji umeishi kwa mawe ya nchi za watu. Hata chakula chake mashuhuri, nyama iliyolazwa katika vitunguu, chumvi na pilipili kisha ikaokwa juu ya moto wa kuni, yasemekana kilitokana na wahamiaji hao wa Brazili.

KAZI YA KULALA KIFUDIFUDI

Kando ya kijito cha Idar palikuwa na vinu vingi vya kuchongea akiki, vilivyozungushwa kwa nguvu za maji. Kimojawapo, kiitwacho Weiherschleife, kingali kinazunguka, na wageni huonyeshwa kazi ya zamani. Ndani yake mna magurudumu makubwa ya jiwe la mchanga. Mbele ya gurudumu mna kiti kifupi cha mbao. Mchongaji hulala juu yake kifudifudi, kifua na tumbo vikiwa vimeegemezwa, miguu ikisukuma gogo lililopigiliwa sakafuni, na kwa nguvu za mwili mzima hulikandamiza jiwe kwenye gurudumu.

Wazee walifanya hivyo tangu alfajiri hadi usiku. Maji baridi yaliwarukia usoni hata wakati wa theluji. Mara nyingine gurudumu lilipasuka likiwa katika mwendo, na vipande vyake viliua. Lakini adui mkubwa zaidi hakuwa na kelele. Alikuwa vumbi. Akiki ni silika tupu, na chembe zake ndogo zikiingia mapafuni hazitoki. Hufanya makovu ambayo hakuna dawa ya kuyaondoa. Wachongaji wengi walikufa mapema kwa ugonjwa huo na kwa kifua kikuu kilichoufuata, wakaacha wajane na watoto. Mapambo yaliyovaliwa katika miji mikubwa ya Ulaya yalilipiwa kwa pumzi za watu wa bonde hili.

KABOSHONI INAVYOTENGENEZWA

Siku hizi hakuna alalaye kifudifudi ila kwa maonyesho. Umeme ulichukua mahali pa maji, na magurudumu madogo yaliyopakwa unga wa almasi yakachukua mahali pa jiwe la mchanga. Miongoni mwa kazi za mji huu ni kaboshoni, yaani jiwe lililochongwa likawa na mgongo wa mviringo na tumbo bapa, mfano wa nusu ya yai. Umbo hili hufaa mawe yasiyopitisha mwanga, ambayo uzuri wake uko katika rangi na madoa.

Jiwe hukatwa kwanza kwa msumeno wa almasi likawa bamba. Fundi huchora umbo juu ya bamba kwa kalamu ya shaba au aluminiamu, kwa kuwa risasi ya kalamu ya kawaida hufutika kwa maji. Hulikata kwa kuufuata mchoro huo, kisha huligandisha kwa nta ya moto kwenye ncha ya kijiti, apate mahali pa kulishikia. Gurudumu la namba 80 hutoa umbo. La namba 220 huondoa mikwaruzo ya la kwanza. Hufuata namba 600, 1,200 na 3,000, kila moja ikifuta alama za iliyotangulia. Mwisho jiwe hung'arishwa kwenye ngozi au kitambaa kizito chenye unga laini. Mwenye haraka akiruka namba moja, mkwaruzo alioudharau humtokea mwishoni, jiwe likiwa tayari linang'aa, naye hulazimika kurudi nyuma.

Katika madirisha ya maduka ya Idar yamo mawe ya kijani yenye mabaka mekundu na madoa meusi. Hayo ni ya Afrika ya Mashariki. Yalivumbuliwa mwaka 1954 huko Mundarara, wilayani Longido, kaskazini ya Tanzania. Kijani ni zoisiti na wekundu ni yakuti. Jiwe hili humtia fundi jasho. Katika kipimo cha ugumu kinachofikia 10, yakuti ni 9, na zoisiti ni kati ya 6 na 7. Mchongaji asiyelijua hukuta kijani kimelika na yakuti imebaki kama vinundu. Dawa yake ni unga wa almasi toka mwanzo hadi mwisho, gurudumu kali, na mkono mwepesi.

MASHINE ILIYOKWISHA TUMIKA

Ushindani wa viwanda vya Asia umepunguza sana karakana za bonde hili. Mchongaji akistaafu na watoto wakashika kazi nyingine, mashine zake huuzwa. Mnunuzi mwenye busara haangalii rangi ya bati. Kwanza huchomoa waya wa umeme, akaizungusha mhimili kwa mkono: ukikwaruza au ukicheza, beringi zimekwisha. Hutazama ukingo wa gurudumu. Likiwa na mabonde, jiwe litarukaruka. Hupima kama diski ya msumeno imenyooka na kama ukingo wake ungali na almasi. Hubonyeza mpira ulio chini ya mikanda ya msasa, maana mpira wa zamani hupasuka. Ngozi za kung'arishia hununua mpya, kwani chembe moja ya msasa mkavu iliyobaki ndani huharibu kazi yote.

Umeme nao hutaka uangalifu. Mashine ya Ujerumani hutumia volti 230, zinazokubaliana na umeme wa Afrika ya Mashariki. Lakini mashine nyingi za karakana zina mota ya fezi tatu, na nyumba ya kawaida haina umeme huo. Ya Marekani hutumia volti 120. Na kwa kuwa maji na umeme viko pamoja, mashine isiyo na waya wa ardhi ni mtego wa kifo.

Swali lipitalo yote ni hili: maji yake yanafanya kazi? Mashine ambayo pampu yake imekufa na vizuizi vyake vimeng'olewa ni ghali hata ikitolewa bure. Jiwe halisagwi kavu hata dakika moja. Tope la kazi lizolewe likiwa bado bichi, lisingojewe likauke likafagiliwa. Nguo za karakana zisikung'utwe sebuleni, wala mtoto asipakatwe na baba aliyezivaa. Vumbi lililowaua wazee wa Idar halijabadilika tabia.

KUTOKA LONGIDO HADI IDAR

Mjini Idar-Oberstein leo mna makumbusho ya vito, soko la vito lililoanzishwa mwaka 1974, na idara ya chuo kikuu ambamo vijana husomea vito na mapambo. Mambo hayo yote yanasimama juu ya milima isiyo na akiki ya kutosha kuulisha mji hata mwezi mmoja.

Jiwe la Longido huondoka nyumbani likiwa bonge zito lenye vumbi, likauzwa kwa uzito wake. Likipita katika mkono wa mchongaji huuzwa kwa uzuri wake. Tofauti ya bei hizo mbili ni msumeno, magurudumu machache, maji safi na miaka ya kujifunza. Watu wa bonde la Nahe walilipa karo ya elimu hiyo kwa mapafu yao. Ajifunzaye leo amekwisha lipiwa karo hiyo. Aliloachiwa ni kutoyafunga maji.