Chipu Tisa kwa Safu

Nilianza ufundi wa kompyuta Nairobi wakati kumbukumbu ya mashine ikiuzwa chipu mojamoja, kila chipu na miguu yake 16. Kwa mashine za aina ya XT, kufikisha KB 640 kulitaka chipu 36: safu mbili za kubwa na mbili za ndogo, tisa kwa kila safu. Nane zilibeba data. Ya tisa ilikagua makosa. Mguu mmoja ukijikunja chini ya tumbo la chipu, mashine iligoma. Joto nalo lilikuwa na visa vyake. Ubao ulipata moto mchana ukapoa usiku, na chipu zikajiinua taratibu kwenye soketi. Mteja alileta mashine mahututi, nikafungua kasha, nikazikandamiza kwa kidole gumba, ikapona. Kumtoza pesa baada ya hapo kulihitaji uso mkavu.

Kisha vikaja vibao vya SIMM, ambavyo chimbuko lake ni kampuni ya Wang. Safu nzima ililehemiwa kwenye kibao kimoja cha pini 30, nasi tukaacha kuhesabu miguu tukaanza kuhesabu vibao. Prosesa ya 386DX ilisoma biti 32 kwa mkupuo, kibao kilitoa nane. Basi vinne, vya kufanana, la sivyo haiwaki. Mwenye pesa ya kibao kimoja alirudi nyumbani nazo. Vya pini 72 vilitoa biti 32, hivyo 486 ikatosheka na kimoja, lakini Pentium ya biti 64 ikaturudisha kwenye jozi. Wateja waliona ni ujanja wa wauzaji.

DIMM ya pini 168 ndiyo iliyomaliza ubishi: biti 64, kibao kimoja, mapengo yanayozuia kukichomeka kinyume. Kwangu mimi, umbo bora kuliko yote. RIMM ya kampuni ya Rambus, iliyodai hata soketi tupu zijazwe vibao bandia, haikunishawishi; kumbukumbu ya DDR ikaishinda kwa bei.

Siku hizi laptopu nyingi nyembamba zina RAM iliyolehemiwa kwenye ubao mkuu, kama MacBook Air tangu 2008, na haiongezeki baadaye. Kwa hiyo anayeniomba ushauri namuuliza kabla hajalipa: utatumia mashine hii miaka mingapi? Akisema mitano, namwambia aache ya GB 8, atafute ya 16, hata kama atasubiri mshahara mwingine.