Msaada nao ni siasa

Nimeadimika kidogo, zamu za usiku zimenibana kweli kweli.

Juzi muuguzi mwenzangu, Mwingereza, aliniuliza: "Tunawapa pesa miaka yote, mbona hakuna kinachobadilika?" Swali zuri. Nikamwambia aanzie kwao, kwenye bwawa la Pergau, Malaysia.

Mwaka 1988 Uingereza ilipatana na Malaysia kuhusu kuiuzia silaha, na ahadi ya msaada ikaingizwa humo humo. Mwaka 1991 katibu mkuu wa idara ya misaada, Tim Lankester, aliupinga mradi wa bwawa akisema ni ghali mno. Mawaziri wakaamuru pesa itoke, pauni milioni 234! Mwaka 1994 Mahakama Kuu ikaamua kuwa msaada ule ulikuwa kinyume cha sheria.

Aibu ile ilisaidia kuleta mageuzi. Mwaka 1997 Labour waliunda wizara kamili ya maendeleo ya kimataifa chini ya Clare Short, na sheria ya 2002 ikataka msaada ulenge kupunguza umaskini. Lakini kilichojengwa na siasa hubomolewa na siasa. Mwaka 2020 Boris Johnson aliimeza wizara hiyo ndani ya Mambo ya Nje. Mwaka 2021 msaada ukashushwa kutoka asilimia 0.7 ya pato la taifa hadi 0.5, na Februari 2025 Keir Starmer akatangaza utafika 0.3 ifikapo 2027, ili ulinzi uongezewe fungu. Tena mwaka 2023 zaidi ya robo ya msaada ilitumika hapa hapa Uingereza kuhudumia wakimbizi. Kuwahudumia ni jambo jema, ila zahanati ya kijijini kwetu haikuiona senti hiyo.

Halafu kuna msaada usioandikwa popote. Digrii yangu ya uuguzi ilichangiwa na kodi ya mkulima wa pamba, leo nawageuza wagonjwa wa Birmingham. Hapo nani kamsaidia nani?

Lakini tusiwalaumu wazungu peke yao. Mwaka 2001 kule Abuja marais wetu wa Afrika waliahidi afya ipate asilimia 15 ya bajeti. Mgeni akifunga mfuko wake hatuna pa kumshtaki. Rais na mbunge tunawapigia kura, hao tunaweza kuwadai. Tumeshawahi kuwadai?

Haya, mnasemaje wenzangu?