Mikinduri, na Somo la Kidole

Ukiondoka mjini Meru kwenda Maua kwa njia ya Mikinduri, utapanda na kushuka mitelemko ya Nyambene huku migomba, mikahawa na mashamba ya miraa yakikusindikiza. Mikinduri si mji mkubwa. Ni soko la Tigania Mashariki, karibu na ikweta, na jina lake ni la mti. Mukinduri ni ule mti mrefu ambao wataalamu huuita Croton megalocarpus, wenye kuni nzuri na mbegu za mafuta.

Watu wa milima hii wanaijua bunduki tangu zamani. Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, wana wa Meru pia waliingia msituni, na miongoni mwa viongozi wao alikuwa Musa Mwariama, aliyetoka humo akakutana na Mzee Jomo Kenyatta mwaka wa 1963. Silaha nyingi za Mau Mau zilikuwa za kujitengenezea. Bomba la maji lilikuwa mtutu, komeo la mlango likapiga risasi badala ya nyundo, na mpira wa tyubu ya gari ukawa springi. Mpiganaji alivuta komeo kisha akaliachilia, akiomba bunduki isimpasukie usoni.

Risasi zilikuwa adimu, na kupatikana na silaha kulikuwa kifo. Dedan Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957 baada ya kuhukumiwa kwa kupatikana na bastola. Hapakuwa na risasi za kuchezea.

Je, mtu hujifunzaje shabaha bila kufyatua risasi? Hilo ndilo nataka ulichukue safarini, kwa sababu leo bastola za leseni zimo hata katika nyumba za mjini.

Walimu wa shabaha watakuambia kwamba mara nyingi anayekosa haponzwi na jicho, huponzwa na kidole. Anapongojea mshindo, mkono hushtuka, kidole huvuta kifyatulio kwa ghafula, mdomo wa bastola ukainama, na risasi ikaenda chini ya shabaha. Dawa yake ni kuzoeza kidole kwa bastola tupu.

Kwanza mwenye bastola huondoa risasi zote na kuzipeleka chumba kingine. Huikagua chemba kwa macho na kwa kidole, kisha huikagua tena. Huelekeza mdomo kwenye ukuta unaoweza kuzuia risasi, ambapo nyuma yake hakuna mtu. Ndipo huweka ncha ya kidole juu ya kifyatulio na kukibana polepole, moja kwa moja kuelekea nyuma, mpaka kisikike "ta!" Kilengeo cha mbele kisitikisike hata kidogo. Wengine huweka sarafu juu ya mtutu. Isipoanguka, kidole kimetii. Dakika 10 zatosha. Bastola nyingine, hasa za risasi ndogo za .22, zaweza kuharibika zikifyatuliwa tupu, kwa hivyo huulizwa fundi kwanza au hutiwa risasi bandia.

Hatari kubwa huja mwishoni. Mtu amekwisha maliza, amerudisha risasi, kisha anasema, "Hebu mara moja tu." Hiyo mara moja imewaliza wengi. Zoezi likiisha, liishe kabisa, na bastola ifungiwe.

Ndugu msomaji, haya ni ya mtu aliyefunzwa na mwenye leseni; nchini Kenya sheria ya silaha, sura ya 114, haichezewi. Nanyi vijana, mkiiona bastola nyumbani, hata mkiambiwa ni tupu, msiiguse. Ondokeni hapo mkamwite mtu mzima. Nawe mzazi, usidhani kuificha chini ya mto kunatosha, kwani macho ya mtoto hufika kila mahali.

Basi siku utakapopita Mikinduri, pumzika chini ya kivuli cha mukinduri uwakumbuke waliovuta komeo la mlango kwa kukosa kilicho bora. Sisi tumepata kifyatulio kinachomtii mwenye subira. Aliyeshindwa kukitawala kidole chake asishike bunduki, kwa maana risasi ni kama maji: ikimwagika haizoleki.