Namba 1001

Ninyi vijana mnaojifunza kazi ya ordinatere, leo nawaeleza kosa nililofanya mimi mwenyewe katika shule moja hapa Buluo.

Seva ya zamani ilikuwa imechoka. Umeme ukikatika na kurudi, ilikawia sana kuamka. Tulipopata mpya, nikatoa diski ya zamani, nikaiunganisha na mpya, nikanakili yote kwa «cp -a»: majina ya wanafunzi, pointi, hesabu ya minervali. Ijumaa jioni kazi ikaisha. Nikalala vizuri.

Jumamosi asubuhi mama sekretere akaniita: «Papa, inakatala!» Kwenye kioo: «Permission non accordée». Fishie alikuwa anaziona, lakini kuzifungua hapana. Na buletini zilingojewa Jumatatu.

Basi nikafanya kile wengi wanafanya wakishikwa na haraka: «chmod 777». Tarakimu ya kwanza ni ya mwenye fishie, ya pili ya kikundi chake, ya tatu ya watu wote; na 7 ni 4 ya kusoma, 2 ya kuandika na 1 ya kupita. Ni sawa na kuondoa mlango wa nyumba kwa sababu ufunguo umepotea. Mama sekretere akanishukuru, nikarudi nyumbani.

Saa kumi, mwanafunzi mmoja wa darasa la sita akanipigia simu: «Yaya, hizi pointi, hata sisi tunaweza kuzibadilisha. Ni vile ulitaka?»

Nikarudi mbio. Nikaandika «ls -ln», na kila mstari ukaonyesha mwenye fishie: 1001. Kumbe Linux haiandiki jina juu ya fishie, inaandika namba tu. Jina inalitafuta katika orodha ya mashine yenyewe. Kwenye seva ya zamani 1001 alikuwa mama sekretere. Kwenye mpya, mimi mwenyewe niliwapa wanafunzi namba ile. Maana yake, hata kabla ya 777, pointi zilikuwa mali yao!

Papa yangu alifanya kazi ya mugodi na matrikile yake miaka mingi. Angeipeleka kwa kampuni nyingine, angeikuta ni ya mtu mwingine. Mimi mtoto wake nikasahau.

Nikarudisha fishie kwa mwenyewe kwa «chown», kisha dosie 750 na fishie 640. Msizipe zote namba moja: dosie isiyo na ile 1 ya kupita, hamuingii ndani. Ingekuwa vyema zaidi kulinganisha namba za watu kabla ya kuhamisha, ao kutumia «rsync -a» kutoka seva ya zamani mpaka mpya, zote mbili zikiwaka: hapo inaangalia jina kwanza.

Tukalinganisha pointi na diski ya zamani mpaka usiku. Fishie moja ya hesabu haikufanana. Pengine sekretere alisahihisha, pengine si yeye. Tukairudisha.

Jumatatu, mbele ya buletini kutoka, nikaenda kumwambia papa prefe. Akanyamaza. Kisha akauliza: «Ile diski ya zamani ingali?»

Ingali. Iko katika kabati yake, na ufunguo anao yeye.