Safari ya Kimbiji: Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Katika siku za kipupwe kilichopita tulifunga safari kwenda Kimbiji, sisi watu watatu, kumzuru rafiki yetu aliyekuwa mgonjwa. Tulivuka Magogoni kwa pantoni mapema asubuhi, tukashika njia ya Mjimwema, tukapita Gezaulole, ambako ndiko Mbwamaji ya kale yenye magofu na makaburi ya wazee waliotutangulia. Kisha tukaendelea upande wa kusini mpaka tukafika Kimbiji, mahali ambapo nchi kavu imejitokeza baharini na kufanya rasi. Zamani Kimbiji ilihesabiwa katika Wilaya ya Temeke; siku hizi imo katika Wilaya ya Kigamboni. Ni nchi ya wavuvi, minazi na mihogo, na watu wake bado wanajua kumsalimu mgeni kabla ya kumwuliza ametoka wapi.

Tulimkuta mgonjwa wetu hajambo, Alhamdulillahi. Baada ya sala ya Adhuhuri, bibi mmoja mtu mzima, jirani ya mgonjwa, alitukaribisha barazani kwake. Tukamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akajibu, "Marahaba, wanangu, karibuni mkekani." Akatuletea mihogo ya nazi na samaki wa kukaanga, nasi tukala tukashiba. Tulipokwisha kunawa, akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa lililoshika kutu, akalimwaga mbele yetu. Zilikuwa sarafu za kale.

Akasema, "Wanangu, nyinyi ni watu wa mjini. Hivi aliviacha marehemu mama yangu, na sasa wajukuu wanavichezea tu. Nipeni elfu kumi nikanunue sukari na unga, mvichukue vyote."

Yafaa tuwaeleze wasomaji, khasa vijana, ni sarafu gani zilizokuwa mle, kwani khabari za pwani yetu zimeandikwa juu ya vyuma hivyo. Zilikuwamo pesa za shaba za Sayyid Barghash wa Unguja, za mwaka wa Hijra 1299, yaani 1882. Zilikuwamo pesa za kampuni ya Wajerumani, zenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, pamoja na mwaka 1307 wa Hijra. Zilikuwamo heller za Wajerumani, walizozileta mwaka 1904 walipoigawa rupia katika sehemu mia. Na neno letu "hela" limetokana na sarafu hizo. Baina yao zilikuwapo heller ishirini za mwaka 1916, zilizopigwa Tabora wakati wa vita, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na fedha haziwafikii tena kutoka kwao. Ilikuwapo pia reale moja ya Maria Theresa, iliyotobolewa tundu. Reale hizo huandikwa mwaka 1780 zote, ijapokuwa ziliendelea kupigwa miaka mingi baadaye. Na chini kabisa ilikuwapo sarafu moja kubwa ya fedha: upande mmoja sura ya mfalme wa Wajerumani amevaa chapeo, upande wa pili simba na mti. Hiyo ilikuwa ya rupia mbili, ya mwaka 1893.

Mmoja wetu ni mkusanyaji wa sarafu tangu ujana wake. Tuliona mkono wake ulivyosimama alipoigusa ile ya rupia mbili. Bibi naye alikuwa akimtazama, akamwuliza, "Mwanangu, vina thamani yoyote hivi?" Mwenzetu akajibu, "Ni vyuma vya kale tu, bibi. Haviendi dukani." Akatoa elfu kumi, bibi akazipokea kwa mikono miwili, akatuombea dua. Kisha, kwa kuona kwamba tumemfaa, akamtuma mjukuu wake akwee mnazi, akatupa madafu matatu ya njiani.

Sisi wengine wawili tulinyamaza. Hatukujua thamani, lakini tuliuona ule mkono.

Tulipokuwa juu ya pantoni wakati wa kurudi, mwenzetu alifungua kitambaa, akatuambia kwa furaha kwamba rupia mbili zilipigwa chache, na kwamba wakusanyaji wangempa kwa ile moja si chini ya laki tano. Hapo tulilikumbuka dafu la yule bibi, tukawa hatuwezi kucheka naye.

Walakini mwenzetu si mtu mbaya, na hoja zake zastahili kusikilizwa. Alisema mambo matatu. La kwanza, bei aliitaja bibi mwenyewe, wala yeye hakumpunja hata senti. La pili, elimu aliyo nayo ameipata kwa miaka mingi ya kusoma na kutumia mali yake. Basi kwa nini asipate faida ya elimu yake kama fundi apatavyo faida ya ufundi wake? La tatu, akasema kwamba wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema kuwa mauzo hayavunjiki kwa sababu ya tofauti ya bei peke yake. Na wametoa mfano wa mtu aliyenunua kipande cha kioo akidhani ni johari, kwamba hana haki ya kukirudisha. Ikiwa mnunuzi hulala na khasara yake, muuzaji naye na alale na yake.

Hoja hizi si dhaifu. Na sisi twakubali kwamba mfanyabiashara hakulazimishwa kusimama sokoni akitangaza siri zote za biashara yake. Muuzaji wa duka la vitu vya kale ajuaye kazi yake, akikosea bei, amekosea katika kazi aliyoichagua mwenyewe. Lakini bibi wa Kimbiji hakuwa na duka. Yeye aliuliza. Na aliyeulizwa akajibu neno ambalo ukilitazama juu juu ni kweli, kwani kweli sarafu zile haziendi dukani. Ila alilitamka ili bibi afahamu jambo lisilo kweli. Neno la kweli lililokusudiwa kudanganya ni udanganyifu, na Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alikwisha kusema kwamba mwenye kutudanganya si katika sisi. Katika hadithi nyingine aliwafundisha wauzaji na wanunuzi kwamba wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa katika biashara yao. Na wakificha na kusema uongo, baraka yake hufutwa.

Tena Mtume (S.A.W.) alikataza watu wa mjini kutoka nje kuwapokea wenye misafara kabla hawajafika sokoni. Sababu yake ni dhahiri: mtu wa safari hajui bei ya mjini, na anayemlaki njiani humnunulia kwa ujinga wake. Akampa muuzaji huyo hiari ya kuvunja mauzo atakapofika sokoni na kujua bei. Je, sisi tuliovuka bahari mpaka barazani kwa bibi asiyelijua soko la sarafu, tuna tofauti gani na waliotoka kuwalaki wale wa misafara? Wahenga wetu wamesema kuwa jambo usilolijua ni kama usiku wa kiza. Basi mwenye taa akimkuta mwenziwe kizani, hana rukhusa ya kumwibia kwa kuwa hamwoni.

Na kuna khabari ya Sahaba Jarir bin Abdullah, Mwenyezi Mungu amwie radhi, ambayo tulimsomea mwenzetu usiku ule. Jarir alinunuliwa farasi kwa dirhamu mia tatu. Alipomwona, akajua kwamba ana thamani zaidi, akamwendea mwenyewe akamwambia: farasi wako ni bora kuliko mia tatu, je, utamuuza kwa mia nne? Akaendelea kumpandishia bei mpaka akampa dirhamu mia nane. Alipoulizwa sababu, akasema kwamba alimpa Mtume (S.A.W.) ahadi ya kumtakia kheri kila Mwislamu. Tazameni, ndugu: Jarir hakusema kwamba mauzo ya kwanza yamebatilika. Alisema tu kwamba yuko chini ya ahadi.

Mwenzetu alinyamaza kwa muda mrefu. Asubuhi yake yeye ndiye aliyetubishia hodi.

Tuliporudi Kimbiji tulimkuta bibi akichambua mchicha. Mwenzetu akaketi chini, akamweleza yote bila kuficha, hata lile neno la "haviendi dukani". Akazimwaga sarafu juu ya mkeka. Bibi hakuitazama ile ya rupia mbili. Aliichukua ile reale yenye tundu, akaipapasa kwa kidole, kwani macho yake hayana nguvu, akasema, "Hii ilikuwa shingoni mwa mama. Nilidhani imepotea. Hii msinitajie bei, nirudishieni tu." Basi ile aliyoiona mkusanyaji kuwa imeharibika kwa kutobolewa, ndiyo iliyokuwa na thamani kuliko zote kwa mwenyewe.

Ama ile ya rupia mbili, walipatana hivi: mwenzetu aipeleke mjini pamoja na mjukuu wa bibi, iuzwe kwa bei yake mbele ya kijana huyo, na mwenzetu apate ujira wa udalali waliouafiki. Hivyo elimu yake ilipata malipo, na malipo yakawa halali, kwa kuwa bibi aliyajua na akayaridhia. Bibi akatuambia, "Siku ile nilidhani mmenifaa. Leo ndiyo mmenifaa."

Ndugu wasomaji, Kimbiji hainunuliwi sarafu tu. Tangu daraja la Kigamboni lilipofunguliwa mwaka 2016, watu wengi wa mjini wamekuwa wakivuka kutafuta viwanja upande huo. Anayejua barabara itapita wapi, akamkuta mzee mwenye shamba asiyejua, akamwambia kwamba pale ni pori tu, huyo amesema lile lile neno la "haviendi dukani", na kosa lake ni kubwa zaidi, kwani shamba halirudi kwa urahisi kama sarafu. Nabii Shuaib aliwaonya watu wake, katika Surat Hud, wasiwapunguzie watu vitu vyao. Kupunguza ni kwa mizani, na ni kwa maneno pia.

Kwa hiyo twawausia vijana wetu wapendao sarafu za kale mambo haya. Kwanza, ukiulizwa thamani, sema unayoijua, au sema waziwazi kwamba wewe ni mnunuzi na umshauri mwenye mali aulize kwa mwingine kwanza. Pili, usinunue kwa mtoto wala kwa mtu mwenye dhiki kabla hajajua anachokiuza. Tatu, ukinunua bila kujua kisha ukajua, ikumbuke khabari ya farasi wa Jarir. Nne, zikionekana sarafu za masultani wa Kilwa, kama za al-Hasan bin Sulaiman ambaye Ibn Battuta alimkuta huko mwaka 1331 na kumsifu kwa ukarimu, hizo si za kuuziana barazani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Na katika fikihi yetu, hazina iliyozikwa yenye alama ya Kiislamu, ikiwa mwenyewe hajulikani, haihesabiwi kuwa rikazi, bali huchukuliwa kama kitu kilichookotwa, ambacho yapasa kitangazwe. Basi na zipelekwe kwa wahusika wa mambo ya kale, zipate kusomwa na watoto wetu wote.

Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wageni wa namna hiyo, kila barazani tutakapokaribishwa, na atusamehe sisi tulionyamaza siku ile na madafu mikononi mwetu. Amin.