Kaboni ya Shilingi Mia Nne

Magari mengi ya zamani, mwanangu, yalikuwa na feni isiyo na akili. Injini ikiwaka tu, mkanda unaizungusha, na itazunguka vivyo hivyo kwenye baridi ya Mbeya alfajiri na kwenye jua la Dar es Salaam saa nane mchana, ihitajike isihitajike. Peugeot 404 haikuwa hivyo. Wafaransa walioitoa mwaka 1960 waliweka sumaku ya umeme kwenye puli ya feni. Feni yenyewe ilikaa huru, ikijipepea kivivu, mpaka maji ya injini yakaribie nyuzi 84. Ndipo swichi ndogo inayohisi joto inapopeleka umeme, sumaku inaivuta feni, feni inashikana na puli na kuanza kuvuma. Maji yakipoa inaachiwa. Petroli inaokolewa, kelele zinapungua, injini inapata nguvu kidogo ya ziada. Sasa, umeme huo uliifikia sumaku inayozunguka kwa kupitia kipande cha kaboni kisichozidi ncha ya kidole changu cha mwisho, kikisukumwa na springi kwenye duara la shaba. Kaboni ile inasagika. Ndivyo ilivyokusudiwa: isagike, itupwe, iwekwe nyingine. Aliyeibuni hakuwazia nchi ambamo hiyo nyingine haipatikani.

Lakini hukuniuliza kuhusu sumaku. Umeniuliza ilikuwaje watu wazima tukalipenda gari la namna hiyo. Jibu ni mashindano ya magari ya Safari Rally. Mwaka 1963 Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda kwa 404, mwaka ambao magari saba tu yalifika mwisho. Miaka ya 1966 na 1967 akashinda Bert Shankland akiwa na Chris Rothwell, na Shankland alikuwa mtu wa hapa hapa Dar es Salaam, tukimwona mjini kama tunavyomwona mtu yeyote. Mwaka 1968 Nowicki na Cliff wakarudia, na tena magari yaliyomaliza yalikuwa saba. Ukimwambia kijana wa wakati ule kwamba kuna gari bora kuliko Peugeot kwa barabara zetu za udongo, atakuangalia kama mtu aliyepotea njia. Kwa hiyo nilipopata mkopo wa gari kazini, katikati ya miaka ya sabini, sikujiuliza mara mbili. Nilinunua 404 ya rangi ya maziwa kutoka kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao, viti vyake vikinuka tumbaku ya kiko. Harufu ile ya kiko haikutoka kamwe. Shangazi yako alipopanda alikuwa akifungua kioo kabla hajafunga mlango.

Kufika mwaka 1983 mambo yalikuwa yamekaza. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977 na mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Halafu vita vya Kagera, halafu bei ya mafuta, halafu ukame. Fedha za kigeni hazikuwepo, na spea za gari haziagizwi kwa shilingi. Magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana ili kuokoa petroli. Na hapo ndipo kaboni ilipoisha na feni yangu ikafa, nami nikajifunza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Gari likiwa mwendoni halihitaji feni sana. Upepo wa barabara unatosha kuipoza rejeta. Ungeweza kwenda Morogoro na kurudi bila kujua kuwa feni haifanyi kazi. Inahitajika unapopanda mlima taratibu, kama pale Kitonga, na unapotambaa kwenye foleni. Na foleni za wakati ule zilikuwa za nini? Za petroli. Unasimama juani, unawasha, unasogea hatua mbili, unazima, unawasha tena. Mshale wa joto unapanda, kisha unasikia harufu ile ya maji ya kutu yaliyochemka, nzito na yenye utamu fulani wa kuudhi, kisha mvuke unatoka pembeni mwa boneti, na watu wote kwenye foleni wanakugeukia. Tukazoea kuzima kabisa na kusukuma. Mzee mzima na tai yake, anasukuma gari kwenda kununua mafuta ya kulitembeza.

Nilianza kutafuta kaboni pale palipostahili, kwenye kaunta ya spea za Peugeot. Rafu zilikuwa zimefutwa vumbi, zimepangwa, na hazina kitu. Karani alikuwa mtu mstaarabu, mwenye miwani iliyofungwa uzi kwenye kikono chake cha kushoto. Aliandika namba ya spea kwenye daftari kwa mwandiko mzuri mno, akaniambia nipite mwezi ujao. Ukurasa ule ulikuwa umejaa namba za wenzangu. Nikaelekea Gerezani, mtaa wa mafundi na spea.

Gerezani ya siku zile uliijua kwa pua kabla ya macho: grisi, bati lililochomwa kwa gesi, mafuta ya taa yaliyooshewa vyuma mpaka yakawa meusi, na katikati ya yote hayo muhogo wa kuchoma wenye chumvi na pilipili. Nyundo hazikunyamaza. Kila kitu kilichotoka kwenye gari bovu kilipita pale. Lakini mwaka ule Gerezani ilikuwa na woga. Mwezi Machi ilikuwa imeanza operesheni ya wahujumu uchumi, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, na watu walikuwa wanakamatwa kwa bidhaa walizozificha. Usiku watu walitupa mali porini na baharini ili zisikutwe majumbani mwao. Wengine walikuwa walanguzi kweli, wala sitawatetea, walitunyonya. Ila mwenye katoni mbili za sabuni naye alitetemeka, na mwenye boksi la spea alitetemeka zaidi, maana spea ilikuwa na thamani kuliko sabuni. Ukiuliza kaboni ya feni ya 404, muuzaji hakukuambia ipo wala haipo. Alikutazama viatu kwanza. Viatu vyangu vilikuwa vya ofisini, vimepigwa rangi. "Ndugu, nani amekutuma?" Nikijibu kuwa nimejituma mwenyewe, anacheka kidogo na kuendelea na kazi yake.

Aliyenisaidia alikuwa fundi mtu mzima, mwembamba, ambaye kucha ya dole gumba lake la kulia haikuwepo tangu zamani. Nilimwita Mzee, naye aliniita kijana wangu, ingawa nilikuwa na watoto watatu. Alifungua boneti, akazungusha feni kwa kidole, akasikiliza. Kisha akachukua spana na kukaza skrubu tatu za kwenye feni mpaka feni ikabanwa moja kwa moja na puli. Dakika kumi tu. "Sasa ni feni ya watu wote," akasema. Yaani feni isiyo na akili. Gari halikuchemka tena, ila lilinguruma kama lori na, tulivyoona wote wawili, lilikula petroli zaidi. Na petroli ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Nikarudi kwake. Akanitafutia kaboni ya stata ya lori, akaikata kwa msumeno, akaisugua kwa tupa na kuimalizia kwa msasa, amechuchumaa, akiipima mara kwa mara kwenye tundu lake, siku nzima. Ilifanya kazi! Feni ikashika, ikaachia, ikashika, nasi tukasimama pale tunaitazama kama watoto. Kasoro ilionekana baada ya majuma machache. Kaboni ya stata ina shaba nyingi ndani yake, ni ngumu, na ilikuwa imeanza kuchimba mfereji kwenye lile duara la shaba. Fundi alipitisha kucha zake zilizobaki juu ya mfereji ule, akaguna. Akasema hii si dawa, hii ni ugonjwa mwingine, nitafute feni nzima kwenye gari lililokufa.

Hapo ndipo utaratibu wa spea wa siku zile ulipokuwa hasa. Haukuwa madukani wala kwenye makaratasi. Ulikuwa ndani ya vichwa vya watu waliojua gari gani limelala uani kwa nani. Dereva teksi mmoja alimwambia fundi, fundi akaniambia mimi: Ilala, nyuma ya nyumba ya mjane wa dereva mwenzao, ipo 404 juu ya mawe. Nilikwenda jioni. Gari lilikuwa chini ya mwembe, halina magurudumu wala milango ya nyuma, na kwenye kiti cha nyuma kuku alikuwa ameatamia, akanitazama kwa jicho moja. Mama mwenye nyumba alikuwa anakaanga samaki, na moshi wa mafuta ya nazi ulifunika uwanja wote. Alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, mwenye uso usiotangaza bei. Nilipiga hodi, nikamwamkia, nikampa pole ya mumewe, nikauliza hali za watoto, nikazungukazunguka kama ilivyo desturi, mpaka yeye mwenyewe akasema: "Baba, sema umefuata nini. Feni, au sanduku la gia?"

Alikuwa anajua kila kilichobaki na kilichotoka. Nikamwambia nahitaji kaboni tu, pamoja na kile kishikio chake, na kama duara la shaba ni zima, basi na puli. Akasema feni nzima na puli yake ni shilingi mia nne. Nikauliza, na kaboni peke yake? "Kaboni peke yake mia nne vilevile. Mimi gari la marehemu silikati kama muwa." Kima cha chini cha mshahara serikalini wakati huo kilikuwa shilingi 600 kwa mwezi. Nilijaribu kumpunguza, akageuza samaki. Nikasema mia tatu. Akauliza kama nitakula. Nilikula, nikalipa mia nne, na akanifungia ile feni ndani ya kanga kuukuu, akaniagiza nipite uchochoroni, nisionekane barabarani na chuma mkononi. Mjane anayeuza feni ya gari la mumewe ilibidi ajifiche kama mwizi. Sijawahi kulielewa hilo mpaka leo, na walioibuni ile operesheni sidhani kama walimkusudia yeye. Ila ndiye aliyejificha.

Kaboni ya Ilala ilikuwa imebaki kama nusu, na nusu hiyo ilinifikisha mbali. Mwezi Novemba mwaka huo mpaka wa Kenya ulifunguliwa, na spea za Peugeot zikaanza kuvuka, kwanza mifukoni mwa watu, halafu kwenye maboksi. Aprili 1984 Sokoine akafariki kwa ajali ya gari pale Dakawa. Nchi ilizizima, hata wale waliokuwa wakimwogopa. Bajeti ya mwaka ule ikaruhusu mwenye fedha zake nje aingize bidhaa bila kuulizwa amezipata wapi. Kisha akaja Rais Mwinyi, na ruksa ya biashara, na magari ya Kijapani yaliyokwisha kutumika kwao. Mitaa ya Gerezani ikajaa spea za Toyota mpaka zikamwagika barabarani. 404 zikawa zinakufa moja baada ya nyingine, mara hii kwa sababu hakuna aliyezitaka.

Nasikia siku hizi watu wanaisifu ile miaka kwa ubunifu wake. Mikutanoni, redioni, wanasema tulijitegemea, tulitengeneza kila kitu kwa mikono yetu. Mikono ya fundi wangu ilikuwa ya ajabu, hilo nitaliapia. Lakini mtu mwenye kipaji kile alitumia siku nzima ya maisha yake kusugua kitu ambacho kiwandani kinatoka kwa maelfu kabla ya chai ya saa nne, na mwisho hakikufaa. Ningempa duka moja lenye mlango wazi, yeye akatumia kipaji kwa jambo lingine, nami ningefurahi. Wafaransa walianzisha L'Aventure Peugeot mwaka 1982, shirika la kuhifadhi magari yao ya kale. Mwaka huo huo sisi tulikuwa tunayaendesha hayo hayo kwenda kazini, hatujui kwamba ni ya kale.

Sasa wewe umenunua 404 yenye feni mbovu na unataka iwe kama ilivyotoka kiwandani. Sawa. Siku hizi unaagiza kwa simu, kipande kinatoka Ulaya kwa ndege. Usinunue kaboni kabla hujavua puli na kulitazama duara la shaba. Likiwa na mfereji, kaboni mpya haitakaa. Jaribu swichi ya joto kwa kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni, uone kama inapitisha umeme yakikaribia kuchemka, na umwombe mkeo ruhusa ya sufuria kwanza. Ule uwazi kati ya sumaku na feni ni mwembamba sana, chini ya nusu milimita. Skrubu zile tatu ndizo zinazourekebisha, kaza kidogo kidogo na kwa usawa. Na fundi wa mtaani kwako akikushauri utupe vyote hivyo ufunge feni ya umeme ya Corolla, usimcheke. Mwaka 1983 ningeifunga siku hiyo hiyo, na mjane wa Ilala angeniuzia sanduku la gia.